Ukihamia Kathiani, Tafuta Mtu Kabla ya Kutafuta Chumba



Binti wa mwanachama mmoja, kutoka upande wa vilima vya Iveti, alipata nafasi ya kujifunza ushonaji kwa fundi hapa sokoni Kathiani. Kutoka kwao hadi sokoni ni mbali kutembea kila siku, na nauli ya boda boda ingemaliza kila kitu. Basi mama yake akakopa shilingi 8,000 kwenye kikundi. Binti akaja Jumatatu, akaulizia chumba, na kijana mmoja mwenye adabu nzuri akamwonyesha kimoja nyuma ya maduka. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Kodi 3,000, depositi 3,000. Binti akalipa taslimu, akarudi nyumbani kuchukua godoro. Jumamosi alipofika na godoro na sufuria juu ya boda boda, alikuta kufuli jingine mlangoni, na ndani mama mmoja na watoto wawili wanakula chakula cha mchana. Yule kijana hakuwa mwenye nyumba, wala hakuwa mtunza ploti. Alikuwa mpangaji anayehama.

Tunasimulia habari hii kwa ruhusa ya mama huyo. Alikubali kwa sababu pesa zilizopotea hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa za wanachama wote, waliozichanga mia mia kila mkutano.

Vikundi vingi vimetuuliza juu ya jambo hili. Siku hizi karibu kila nyumba ina mtu anayetaka kushuka sokoni: kijana anayejifunza ufundi, mama anayetaka kibanda cha mboga, mjane anayetaka kuwa karibu na hospitali, mtoto wa sekondari ya kutwa. Na wengine wanakuja kutoka mbali kabisa, walimu na wauguzi wanaotumwa kazini hapa, ambao hawajui hata njia ya kwenda kisimani. Kwa hiyo tumeonelea tuandike yale tuliyojifunza, mengine kwa kukosea wenyewe.

Mji mdogo si Nairobi

Nairobi kuna mabango ya nyumba za kupangisha na kuna madalali. Kathiani mambo si hivyo. Chumba kizuri hakikai wazi mpaka kiandikiwe bango. Kabla anayehama hajafunga mizigo, jirani ameshamwambia shemeji yake, na shemeji ameshaongea na mwenye ploti. Chumba kinachobaki kikitafuta mtu wiki nyingi, mara nyingi kina sababu yake. Ama kinavuja, ama maji hayafiki, ama kimeshikana ukuta na baa.

Kwa hiyo anayekuja peke yake, bila mtu wa kumuulizia, anaonyeshwa vile vilivyokataliwa na wengine. Au anaangukia kijana mwenye ufunguo.

Wa kuulizwa ni nani? Sisi tungeanza na jumuiya. Tangu maaskofu wa AMECEA walipoweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo mnamo mwaka 1976, watu wengi wamezifikiria kama mahali pa kusali rozari tu. Lakini watu kumi na watano wanaokutana kila wiki katika nyumba zao wenyewe wanajua kila ploti: ni nani mwenye nyumba mwema na ni nani anayekatia watu stima tarehe mbili. Kiongozi wa jumuiya ya kwenu amwandikie au ampigie simu kiongozi wa jumuiya ya sokoni. Ni simu ya dakika tatu. Kama wewe si Mkatoliki, kanisa lako nalo lina watu, na msikiti vilevile. Baada ya hapo muulize mama wa duka la rejareja, mtu wa posho mill, na wale wa boda boda waliozeeka kazini. Mtu wa posho mill hasa, kwa sababu kila nyumba inapita kwake.

Usiulize tu, "Kuna chumba?" Uliza, "Ploti ya fulani, watu wanakaa muda gani?" Mahali ambapo wapangaji wamekaa miaka minne au mitano, huna haja ya kuambiwa mengi.

Kwanza maji

Tukiingia kuangalia chumba, wengi wetu tunatazama ukuta umepakwa rangi gani. Rangi unaweza kupaka mwenyewe. Sisi tunasema angalia maji kwanza, na tunasema hivyo kwa sababu tulishakosea.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilimsaidia mjane mmoja na watoto watatu kupata chumba. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua inanyesha, tanki la ploti limejaa hadi linamwagika. Tuliona bomba, tukafurahi, tukamlipia mwezi wa kwanza. Kufika Agosti bomba likakauka, tanki likabaki matope, na yule mama akawa ananunua kila mtungi. Mwezi wa Septemba pesa ya maji ilipita nusu ya kodi. Akarudi kijijini kabla ya mvua za Oktoba. Watoto walihamishwa shule mara mbili kwa mwaka mmoja. Kosa lile lilikuwa letu. Tuliuliza maji ya Aprili badala ya maji ya Septemba.

Huku kwetu Ukambani, kama mnavyojua, mvua za kutegemea zaidi ni zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Zile ndefu za Machi hadi Mei zinatudanganya mara nyingi. Kwa hiyo miezi mibaya ya maji ni ile ya mwisho wa kiangazi, kabla mvua fupi hazijaanza. Muulize mpangaji, si mwenye nyumba: "Mwaka jana mwezi wa tisa mlichota wapi? Mlinunua mtungi kwa pesa ngapi?"

Kisha fanya hesabu hapo hapo. Tuseme ninyi ni watu wanne na mnatumia mitungi minne ya lita 20 kwa siku. Hiyo ni lita 20 tu kwa kila mtu, na ni kwa kujinyima. Kama mtungi ni shilingi 20, siku moja ni 80, na mwezi ni 2,400. Sasa kuna chumba cha 2,500 kisicho na maji, na kingine cha 3,500 chenye bomba na tanki kubwa, maji yakiwa ndani ya kodi. Cha kwanza kinaonekana rahisi, lakini ukijumlisha kinakula 4,900 kila mwezi wa ukame. Tumewaona watu wakichagua cha 2,500 na kuondoka wakiimba.

Kikundi kinachosoma ukurasa huu pamoja kisimame kidogo hapa. Kila mmoja aseme familia yake hutumia mitungi mingapi kwa siku. Mtashangaa jinsi wanaume wanavyotaja hesabu ndogo.

Mengine ya kuangalia hayahitaji maneno mengi. Choo ni cha watu wangapi, na nani anakiosha? Stima ni ya tokeni, kila chumba na mita yake, au ni mita moja ya ploti nzima inayogawanywa? Mita moja huleta ugomvi: mwenye redio anamlaumu mwenye pasi. Inua macho utafute alama za maji kwenye dari au kwenye mbao za paa. Rudi mara ya pili usiku, kama saa mbili hivi, uone kama kuna taa njiani na usikie kelele. Binti anayetoka kwa fundi jioni atapita njia hiyo kila siku, naye asingoje kuijua siku ya kwanza ya kulala hapo.

Pesa usiitoe hapo

Sasa turudi kwa yule kijana mwenye ufunguo. Ufunguo si hati. Mpangaji anao, fundi wa kupaka rangi anao, hata mtoto wa jirani anaweza kuachiwa. Kabla hujatoa shilingi moja, mjue mwenye nyumba ni nani, na umjue kwa mdomo wa watu wengine. Muulize mpangaji wa mlango wa pili: "Wewe kodi unamlipa nani?" Muulize mwenye duka la mbele. Kama ploti ina mtunzaji, mwambie akupigie simu ya mwenye nyumba mkiwa pamoja. Mzee wa kijiji na naibu wa chifu wa mahali hapo wanawajua wenye ploti karibu wote, na kuwaendea si kushtaki mtu. Ni heshima. Mwenye nyumba mwaminifu hatakasirika ukimwambia, "Mzee, naomba siku mbili niulize nyumbani." Anayekuharakisha ati kuna mwingine anakuja saa tisa, mwache huyo mwingine alipe.

Kulipa, lipa kwa M-Pesa, kwa namba ambayo jina linalotokea ni la mwenye nyumba au la mtu ambaye yeye mwenyewe amekutajia. Ujumbe ule usiufute. Ukilazimika kulipa taslimu, lipa mbele ya mtu na uandikiwe risiti. Haijalishi iwe kwenye karatasi ya daftari, mradi ina jina, tarehe, kiasi na sahihi.

Na mkataba je? Watu wengi wanaogopa neno hilo, wakifikiri ni la mawakili. Mkataba wa chumba kimoja unaenea kwenye ukurasa mmoja. Tumewasaidia wengi kuandika hivi:

"Leo tarehe 5 Januari, mimi (jina na namba ya kitambulisho), mwenye chumba namba 4, nimepokea kutoka kwa (jina na namba ya kitambulisho) shilingi 3,000 kodi ya Januari na shilingi 3,000 depositi. Depositi itarudishwa siku ya kuhama kama kodi yote imelipwa na chumba hakijaharibiwa. Maji ya bomba yamo ndani ya kodi. Stima ni tokeni, mita ya chumba. Kodi italipwa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Anayetaka kuachana na mwenzake atatoa notisi ya mwezi mmoja."

Chini yake sahihi mbili na shahidi mmoja wa kila upande. Halafu, na hili wengi wanalisahau, andikeni hali ya chumba siku ya kuingia: kioo kimoja kimevunjika, kitasa kimelegea, sakafu ina ufa karibu na mlango. Kama una simu ya kamera, piga picha. Depositi nyingi hupotea kwa ajili ya kioo kilichovunjika kabla mpangaji hajazaliwa, kama mzee mmoja alivyotuambia akicheka. Alicheka, lakini pesa yake haikurudi.

Sheria inasema nini

Hatutaki kuwafanya watu wawe wagomvi. Lakini mtu asiyejua haki yake hutolewa nje usiku na watoto, na tumeyaona.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba mtu anayelipa kodi kila mwezi bila mkataba wa muda maalum anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Na yeye pia akitaka kuhama lazima atoe notisi hiyo hiyo. Haki hii ina pande mbili, na kuondoka usiku na vitu kichwani ni kumwibia mwenye nyumba.

Nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Mpangaji wa nyumba ya namna hiyo hawezi kufukuzwa bila amri ya baraza linaloshughulikia kesi za kodi. Hata kukatiwa maji ili achoke na kuhama mwenyewe ni kosa. Ajabu ni kwamba kiwango hicho cha 2,500 kimekaa miaka mingi huku bei za vyumba zikipanda, kwa hiyo mwaka hadi mwaka vyumba vinavyolindwa vinapungua. Bado, hapa kwetu vipo.

Na kama kodi imekushinda? Mwenye nyumba ana haki ya kuidai. Lakini yeye mwenyewe haruhusiwi kuingia na kubeba meza yako. Kazi ya kukamata vitu kwa ajili ya kodi ni ya mpiga mnada mwenye leseni, kwa kufuata sheria. Hata hivyo, kwa uzoefu wetu, mpangaji anayekwenda mapema kusema, "Mama, mwezi huu sina, nitalipa nusu tarehe 10," hafiki huko. Anayejificha na kuzima simu ndiye anayefika.

Mama anayepanga duka au kibanda cha kupikia asichanganye. Huyo yuko chini ya sheria nyingine, Sura ya 301, ya maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula. Kama hana mkataba wa maandishi, au mkataba wake hauzidi miaka mitano, sheria inamlinda, na mwenye jengo akitaka kumtoa au kumwongezea kodi lazima atoe notisi ya maandishi ya miezi miwili. Usikubali kupandishiwa kodi kwa mdomo, ukiwa umeinama juu ya sufuria.

Wiki za kwanza

Umeingia. Godoro liko chini, jiko limewaka. Sasa kazi ya pili inaanza, na hiyo haina sheria.

Salimia. Kwa mji mdogo kama Kathiani, anayepita bila salamu anahukumiwa kabla ya jua kutua. Kama wewe si Mkamba, jifunze angalau "Wĩ mũseo?" na kumwita mama mzee "mwaitu". Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, lakini Katiba haitakuazima chumvi. Jirani ndiye atakayekuazima.

Nenda kwa mzee wa kijiji ujitambulishe, na uulize kiongozi wa Nyumba Kumi ni nani. Mpango huo wa Nyumba Kumi ulianzishwa na serikali mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Wengine wanauona kama upelelezi. Sisi tunaona kwamba mgeni asiyejulikana ndiye anayeshukiwa wa kwanza kuku wakipotea, kwa hiyo ni afadhali kujulikana. Peleka kile kijitabu cha mama na mtoto kwenye kliniki kabla mtoto hajaugua. Omba barua ya uhamisho shuleni kabla ya kuhama, kwa maana kurudi kuifuata ni nauli nyingine. Kwa paroko, barua fupi kutoka parokia yako ya kwanza inatosha.

Kisha usikimbilie kuingia katika kila chama. Mgeni anakaribishwa na watu wema, na pia anakaribishwa na wale wenye madeni wanaotafuta mchangaji mpya. Kaa miezi miwili, sikiliza. Lakini mazishi ya jirani usikose, na kazi ya pamoja ya ploti au ya kanisa usikose. Sisi tuliokulia katika mwethya tunajua kwamba watu hawamjui mtu kwa maneno yake. Wanamjua siku ya jembe. Sokoni hakuna matuta ya kuchimba pamoja, lakini kuna mtaro unaoziba kila mvua ikinyesha. Anayetoka na koleo bila kuitwa huwa si mgeni tena wiki ijayo.

Na shamba la nyumbani? Wengine huhama Januari kwa sababu ya shule, wakati mahindi na maharagwe ya mvua fupi bado yako shambani. Kama unaweza, mmoja wa nyumba atangulie na wengine wabaki mpaka mavuno. Gunia la mahindi na debe mbili za maharagwe ni isyo ya miezi. Tumeona familia ikinunua chakula kwa bei ya sokoni huku chake kinaliwa na ndege.

Kikundi kinachobaki kifanye nini

Kwa maoni yetu, mkopo wa kuhama usitolewe kama mikopo mingine. Ule wa mbuzi mtu anapewa mkononi. Huu wa chumba, kikundi kiulipe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, baada ya wanachama wawili kwenda naye, kukiona chumba na kuzungumza na majirani. Nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko kodi iliyoibiwa. Katibu aweke nakala ya mkataba kwenye faili la kikundi. Vikundi vya sokoni navyo vinaweza kuchagua mwanachama mmoja wa kupokea wageni, awe mtu anayejua ploti na asiyependa chai ya rushwa. Msimpe mwenye ploti kazi hiyo, maana atajaza vyake kwanza.

Tuliambiwa kwenye mkutano mmoja kwamba hii ni kumfanya mtu mzima kuwa mtoto. Mzee aliyesema hivyo ana haki ya kuhofia. Kwa hiyo anayehama ndiye achague chumba. Wale wawili kazi yao ni kuuliza maswali ambayo yeye anaona haya kuuliza.

Yule binti wa Iveti hakuacha kazi ya ushonaji. Naibu wa chifu alimpata yule kijana, akarudisha shilingi 2,500, zilizobaki hazijaonekana mpaka leo. Kikundi kilituma akina mama wawili, wakalala usiku mmoja kwa mwanajumuiya wa hapa sokoni, wakapata chumba nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, chenye tanki. Mkataba umeandikwa kwenye ukurasa wa daftari, na mmoja wa akina mama hao ametia sahihi kama shahidi. Sasa binti anashona sare za shule. Deni la kikundi amelipunguza hadi shilingi 1,800, na huleta kidogo kidogo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akipanda mlima kwa miguu ili asitumie nauli.